Si mapepo wala kiburi: ugonjwa wa bodalaini unatunzwa namna gani, na sisi huku tuko na nini?

Katika parseli tunamokaa, huku Kadutu, kuna binti wa miaka 22. Jina lake sitaliandika, wala avenyu. Kwa miaka minne watu wamempa majina mengi. Kwanza walisema ana kiburi. Kisha walisema ni mapenzi yamemvuruga kichwa. Wakati alijikata mikono kwa mara ya tatu, walisema ni mapepo, akapelekwa kwenye chumba cha maombi na kukaa huko majuma matatu, siku nyingine bila kula. Alipotoka, mtu wa farmasi alimuuzia mama yake vidonge vya Valium bila karatasi ya daktari, apewe kila jioni ili atulie. Hakutulia.

Mwaka huu daktari mmoja alimsikiliza kwa muda mrefu, akaandika neno moja kwenye karatasi. Mama akanijia na karatasi ile mkononi, maana kwetu mtu wa redio anahesabiwa kuwa anajua yote. Neno lilikuwa bodalaini. Swali la mama lilikuwa fupi: kinini chake kinaitwaje, na ni farmasi gani inakiuza?

Nimeuliza na kusoma kwa majuma mengi. Jibu nililopata silo lile mama alitaka, lakini si baya. Kinini cha kuponyesha ugonjwa huu hakuna, si Bukavu tu, hata Ulaya hakuna. Matunzo lakini yapo, yamepimwa kwa miaka zaidi ya 30, na watu wengi wanapona. Sehemu kubwa ya matunzo hayo ni mazungumzo: mazungumzo yenye utaratibu, na mtu aliyefundishwa, kwa miezi mingi. Nimeona heri niwaandikie wote, maana simu tunazopokea kisha kipindi cha afya zinaonyesha kwamba mama huyu hayuko peke yake.

Ni ugonjwa gani?

Bodalaini maana yake ni mpakani. Mwaka 1938 daktari Adolph Stern wa New York alilitumia neno hilo kwa wagonjwa ambao hakujua awaweke upande gani. Hawakuwa wamepotewa na akili, na tena shida yao ilikuwa zaidi ya wasiwasi wa kawaida. Sisi tunaovuka Ruzizi tunaelewa upesi hali ya mtu asiyehesabiwa huku wala kule. Mwaka 1980 jina likaingia katika kitabu kikubwa cha madaktari wa akili wa Marekani, na likabaki. Orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, inaomba daktari aangalie kwanza ugonjwa wa utu ni mkali kadiri gani, ndipo aongeze kama una sura ya bodalaini.

Mtu mwenye ugonjwa huu, hisia zinampanda haraka, zinapanda juu sana, na zinachelewa kushuka. Rafiki akikawia kujibu ujumbe wa simu, kwake ni kama ameachwa milele. Asubuhi anakupenda kuliko wote, jioni wewe ndiye adui. Yeye mwenyewe hajui vizuri yeye ni nani. Wengi wanasema ndani mwao mna utupu. Hasira inalipuka, kisha aibu inakuja na kumla. Wengine wanatumia pesa ovyo, wanakunywa, wanaingia katika mapenzi ya haraka. Na wengi wanajiumiza. Mara nyingi wanajikata ili maumivu ya moyoni yapungue kidogo, bila nia ya kufa. Lakini msijidanganye kwamba ni mchezo wa kutafuta macho ya watu, maana hatari ya kujiua katika ugonjwa huu ni ya kweli.

Madaktari wenyewe wanauchanganya na bipola. Njia moja ya kutofautisha ni saa: katika bipola, furaha ya kupita kiasi au huzuni inashika siku nyingi, hata majuma, katika bodalaini moyo unaweza kugeuka mara tatu kabla ya jua kuzama, na mara nyingi ni juu ya jambo fulani kati yake na mtu. Tena, msifikiri ni ugonjwa wa wanawake tu. Uchunguzi mkubwa uliofanywa katika raia wa Marekani na kutangazwa mwaka 2008 ulikuta wanaume karibu sawa na wanawake. Wanaume tunawaona kidogo hospitalini labda kwa sababu hasira ya mwanaume tunaipeleka polisi, au tunaiacha baani.

Hapa niseme jambo linalonitia wasiwasi. Katika Kivu yetu watu wengi wamepita katika vita, kubakwa, kukimbia, kufiwa. Mtu kama huyo anaweza kushtuka, kukasirika na kukosa usingizi bila kuwa na bodalaini. Na kuna wasichana ambao kosa lao ni kujibu wazazi tu, au kukataa bwana waliyechaguliwa. Neno hili lisiwe fimbo mpya ya kuwapigia. Ni daktari au mtaalamu wa afya ya akili anayeweza kuliandika, kisha kumsikiliza mtu na maisha yake yote, si jirani, wala mimi.

Juu ya nini kinini hakitoshi

Marekani, nchi ambayo ina dawa kwa karibu kila kitu, haijakubali hata dawa moja kwa ajili ya bodalaini. Uingereza, kamati inayoongoza matunzo ya hospitali za serikali iliandika mwaka 2009 kwamba dawa zisitumiwe hasa kwa ugonjwa huu wala kwa tabia moja moja zinazotokana nao. Dawa ya kutuliza inaweza kutolewa wakati wa hatari, kwa uangalifu, na isipite juma moja. Juma moja! Binti wetu alikuwa amemeza Valium miezi mitano. Dawa za jamii hiyo zinazoeleka mwilini, na kwa watu wengine wenye bodalaini zinalegeza breki badala ya kuikaza: mtu anafanya jambo ambalo bila kidonge angejizuia.

Kuna dawa moja ya kifafa, lamotrijini, ambayo madaktari wengi waliitumainia. Uingereza waliijaribu kwa watu 276, wengine wakapewa lamotrijini, wengine kidonge kisicho na kitu ndani. Mwaka mmoja ulipita, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 hayakuonyesha tofauti kati ya makundi hayo mawili.

Tuelewane lakini. Mtu mwenye bodalaini anaweza pia kuwa na huzuni kubwa ya kiugonjwa, au kifafa, au ugonjwa mwingine, na dawa za hayo ni halali yake. Aliye na dawa aliyoandikiwa asiiache ghafula juu amesoma haya. Valium hasa ukiikata siku moja baada ya miezi inaweza kuleta hatari. Inapunguzwa polepole, na daktari anaangalia.

Mwanamke aliyefungiwa chumbani

Matunzo yanayojulikana zaidi yaliletwa na mwanamke wa Marekani, Marsha Linehan, aliyekuwa mwalimu katika chuo kikuu cha Washington, mjini Seattle. Mwaka 1961, akiwa na miaka 17, alilazwa katika hospitali ya akili huko Hartford, akakaa zaidi ya miaka miwili. Alijikata, alijichoma, alijigonga kichwa ukutani. Walimpa dawa nzito, wakampitisha umeme kichwani, wakamfungia peke yake chumbani. Karatasi zao zilisema ugonjwa mwingine kabisa. Aliporudi hospitali hiyohiyo mwezi wa sita 2011, sasa profesa anayejulikana duniani, alisimama mbele ya watu na kusema kwa mara ya kwanza waziwazi kwamba alikuwa mmoja wa wagonjwa wa pale.

Linehan ni mtu wa sala. Amesimulia kwamba mwaka 1967, akisali katika kanisa dogo la Wakatoliki huko Chicago, kitu kilibadilika ndani yake na akaanza kujipenda. Ninalisema hili kwa wachungaji wetu wanaonisoma. Sala ilimsaidia, yeye mwenyewe anakubali. Lakini hakurudi kwa wagonjwa na kuwaambia wafunge siku 40. Alisoma, akatafuta kitu ambacho mtu mwingine anaweza kufundishwa, akakijaribu, na mwaka 1991 akatangaza matokeo: wanawake waliopata matunzo yake walijiumiza mara chache kuliko waliotunzwa kwa namna ya kawaida, na walikaa hospitalini siku chache zaidi.

Tiba hiyo inaitwa kwa kifupi DBT. Vitabu vya Kifaransa vinaiandika TCD. Kila juma mgonjwa anaonana peke yake na mtunzaji wake. Kila juma tena anaingia katika kundi, kama darasa, saa mbili na zaidi, kujifunza mambo manne: kukaa na akili yako hapa ulipo bila kukimbia, kuvumilia saa ya hatari bila kuiongeza ubaya, kuongoza hisia, na kuomba au kukataa kitu bila kuvunja urafiki. Katikati ya juma anaweza kumpigia mtunzaji simu kuomba msaada kabla hajajiumiza. Na watunzaji wenyewe wanakutana, kila juma, kusaidiana, maana kazi hii inachosha. Kwa kawaida ni mwaka mzima.

Msingi wake ni mambo mawili yanayoonekana kupingana: unamkubali mtu kama alivyo, na papo hapo unamwomba abadilike. Mama yeyote aliyelea anajua ugumu wake. Ukimwambia tu abadilike, anasikia kwamba hana thamani. Ukimkubali tu, anabaki na shida yake.

Mfano wa somo moja, ili msifikiri ni falsafa. Saa ile moyo umepanda kabisa na mkono unatafuta wembe, mtu anafundishwa kutia uso katika beseni la maji baridi, akizuia pumzi kidogo, kwa nusu dakika hivi. Mapigo ya moyo yanashuka. Ni mwili unafanya hivyo wenyewe. (Mwenye ugonjwa wa moyo aulize daktari kwanza.) Au anatembea kwa nguvu mpaka achoke. Kwa vilima vya Bukavu, hiyo haituombi makuta yoyote. Shida haijaisha, lakini dakika kumi za hatari zimepita, na mtu bado yupo wa kuzungumza naye.

Kuna njia nyingine pia. London, madaktari Anthony Bateman na Peter Fonagy walitengeneza tiba ya kumfundisha mtu kujiuliza: mimi ninawaza nini sasa, na huyu mwenzangu kweli anawaza nini, au ni mimi ninamwekea mawazo? Walianza kutangaza matokeo mazuri mwaka 1999. Nyingine, ya Jeffrey Young, inarudi kwenye vidonda vya utoto. Sitazieleza zote, maana hakuna hata moja inayoonyesha wazi kuwa imezishinda zingine zote.

Na hapo kuna habari iliyo kubwa kwetu. Mjini Toronto, Kanada, waliwagawa watu 180 wenye bodalaini katika makundi mawili. Kundi moja lilipata DBT kamili. La pili lilipata matunzo ya akili ya kawaida, ila yaliyopangwa vizuri kwa kufuata maongozi yaliyoandikwa: daktari anayejua ugonjwa, kuonana kila juma, kueleza ugonjwa kwa maneno wazi, kuangalia maisha ya mtu ya kila siku, na dawa kidogo panapohitajika. Kisha mwaka mmoja, mwaka 2009 wakatangaza: makundi yote mawili yalipata nafuu, karibu sawasawa. Kwa hiyo tusikae kusubiri mtu wa kutoka Seattle. Kinachoponyesha, inaonekana, ni mtu yuleyule, siku ileile, mpango unaoeleweka, na kutokuachwa njiani.

Wanapona kweli?

Karibu na Boston, katika hospitali ya McLean, Mary Zanarini na wenzake walifuata wagonjwa 290 mwaka hadi mwaka. Kisha miaka 10, watu 93 katika kila 100 walikuwa wamekaa angalau miaka miwili bila dalili za kutosha kuitwa bodalaini. Lakini ni nusu tu waliofika mahali pa kuwa pia na kazi au masomo yanayoendelea na urafiki unaodumu. Namba hii ya pili inafichwa na wale wanaopenda habari njema. Kujikata kunaisha mapema. Upweke na kukosa kazi vinachelewa. Mtu anahitaji matunzo, na tena anahitaji cherehani, masomo, meza ya kuuzia sokoni.

Na sisi huku?

Madaktari wa akili katika Kongo wanahesabika, na wengi wako Kinshasa. Bukavu tuko na SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu, Lubumbashi kuna kituo cha Joseph Guislain, vyote kazi ya Mabruda wa Upendo. Mtu wa Shabunda au wa milima ya Fizi anayahesabu maeneo hayo kwa siku za njia, si kwa saa. Tena vituo hivi vinabeba kila kitu: kifafa, wazimu mkali, bangi, pombe, vita. Kumwomba muuguzi wao akae na mtu mmoja saa nzima kila juma, mwaka mzima, ni kumwomba kitu kikubwa.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba tiba ya mazungumzo ni ya wazungu. Imeshajaribiwa kwetu, mashariki ya Kongo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013: wanawake waliobakwa walipewa tiba ya mazungumzo, mara moja peke yao na mara 11 katika kundi. Waliowatunza hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi wa kijamii wenye masomo ya sekondari, wakafundishwa na kusimamiwa. Wanawake wengi hawakujua kusoma, basi mafundisho yakawekwa kwa maneno ya kushika kichwani. Kisha miezi sita, katika vijiji vya tiba hiyo, wanawake 9 tu katika 100 walikuwa bado na dalili za huzuni kubwa au wasiwasi wa kiugonjwa. Katika vijiji ambako walipata msaada wa kawaida, walikuwa 42 katika 100. Ile ilikuwa tiba ya majeraha ya moyo, si ya bodalaini, na siwezi kusema ingefanya kazi vilevile. Lakini inaonyesha kwamba mtu wa hapa, mwenye masomo ya sekondari, akifundishwa na asipoachwa peke yake, anaweza kutunza moyo wa mtu.

Basi maswali yangu ni kwa wakubwa wa zoni za afya na kwa mashirika. Mnafanya semina nyingi za siku tatu, na cheti, na picha. Kwa nini hakuna muuguzi mmoja katika kila kituo kikubwa aliyefundishwa kuonana na watu wanaojiumiza, ana saa yake katika juma, na ana mtu wa kumpigia simu akikwama? Semina bila usimamizi wa kila juma ni pesa ya kutupa. Linehan mwenyewe hakumwacha mtunzaji hata mmoja afanye peke yake.

Na wachungaji: mtu akija anajikata, mpokeeni, ombeni naye, kisha mumsindikize kituoni. Kumfunga kamba na kumnyima chakula, mtu ambaye woga wake mkubwa ni kuachwa na kudharauliwa, kunamwongezea kidonda kilekile alichokuja nacho.

Nyumbani, mama wa binti aliniuliza afanye nini usiku ule ambao daktari hayupo. Haya ndiyo niliyoambiwa na wanaojua. Ondoa vidonge na dawa za panya mahali anapozifikia. Hilo ni la kwanza, hata kabla ya maneno. Usimwambie “basi jiue tuone”, hata kwa hasira. Muulize wazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumpandii wazo hilo. Taja kile anachosikia moyoni kabla ya kumsahihisha: “Naona imekuuma sana vile hakuja.” Si kusema kwamba ana haki katika yote. Ahidi kidogo, na ulichoahidi ukifanye. Ugomvi uhamishieni kesho mchana. Na akisema ana mpango wa kufa, au amemeza kitu, asiachwe peke yake hata dakika moja; ni hospitali mara moja, usiku huohuo, hata kwa moto.

Binti mwenyewe sasa anaonana na muuguzi mmoja kila Jumanne, nusu saa. Si DBT, na muuguzi anakubali kwamba anasoma kitabu usiku ili ajue la kusema kesho yake. Valium imepunguzwa kidogo kidogo mpaka ikaisha. Mwezi wa nane alijikata tena, mara moja, Jumanne ambayo muuguzi alikuwa amefiwa na hakuja kazini. Juma lililofuata walizungumza juu ya siku ile tu, na wakaandika pamoja kwenye karatasi: Jumanne nikikosekana, utafanya nini kwanza, utampigia nani. Karatasi iko imebandikwa ndani ya mlango wao. Namba ya tatu kwenye orodha ni yangu.